Historia ya Edah Chepkoech na Rasiberi Zake Nyeusi

Mchungaji, Mzee Njoroge na jamaa wote wa marehemu Derrick, wauguzi aliofanya nao kazi shangazi, majirani wa Bordesley Green, na ninyi mliochagua kusimama kule nyuma karibu na mlango ingawa viti vipo, poleni sana. Mimi ni Audrey, binti wa kaka yake Edah, na familia imenituma niwasomee maisha ya shangazi yangu, Edah Chepkoech, nami nimeyaandika yote, pamoja na yale ambayo baadhi yenu mnatumaini nitayaruka.

Shangazi alizaliwa tarehe 6 Juni 1969 huko Londiani, Kericho, akiwa mtoto wa tatu katika familia ya watoto saba, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1976, akamaliza sekondari mwaka 1986, kisha akasomea uuguzi Nakuru kati ya mwaka 1988 na 1991. Alifanya kazi Kericho hadi Machi 2003, alipokuja Birmingham, akaanza katika nyumba moja ya kutunzia wazee Winson Green, na tangu mwaka 2007 akawa muuguzi wa wodi ya wazee hospitalini, kazi aliyoifanya mpaka ugonjwa ulipomzuia.

Tarehe 19 Agosti 2006 alifunga ndoa na Derrick Mbugua, dereva wa basi, mtu wa vicheko, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Eric, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 2009, ambaye anasikia Kiswahili chote na kutujibu kwa Kiingereza. Derrick alifariki ghafla tarehe 11 Oktoba 2021, akiwa ametoka tu kula chakula cha jioni nyumbani kwake, na madaktari walisema ni moyo, lakini kuna watu ambao hawakulisikia neno moyo, walisikia neno chakula. Alizikwa katika kaburi la watu wawili, na kwa kuwa mjane hakuwa na nguvu za kushughulika, kaburi liliandikishwa kwa jina la kaka yake Derrick, Mzee Njoroge, na bila idhini yake halifunguliwi.

Sasa nafika kwenye rasiberi. Julai ya mwaka huo, kabla ya msiba, Hardeep, jirani yao katika mashamba madogo ya kukodi ya jiji, alikuwa na kichaka cha rasiberi nyeusi za porini, zile za miiba, na majani yake yalikuwa yameingiwa na madoa ya manjano, akaamua kukichimba, akamwambia shangazi achukue tawi kwanza. Shangazi alikataa tawi, akasema mti mgonjwa huliambukiza tawi lake ugonjwa wote, lakini mbegu mara nyingi hutoka salama, akachuma matunda yaliyoiva, akayakamua na mumewe jikoni, wakaosha mbegu na kuzianika. Mwezi wa Novemba, akiwa tayari mjane, alizikwangua kwa msasa, akazichanganya na mchanga wenye unyevu ndani ya kopo, akaliweka kwenye friji, kwa sababu ganda la mbegu hiyo ni gumu na haiamki mpaka ipite kwenye baridi ndefu.

Januari 2022 kikundi cha maombi kilikutana nyumbani kwake, na mama mmoja, ambaye sitamtaja ingawa tumeketi naye, alifungua friji kuweka maziwa, akaliona kopo, akalifungua. Aliona mchanga mweusi, wenye unyevu, katika nyumba ya mjane aliyezika mwezi wa kumi. Kufika Jumapili, kanisa zima lilijua kwamba Edah anaweka udongo wa kaburi la mumewe kwenye friji. "Mjane gani huyo, udongo karibu na maziwa?" waliulizana, wakaulizana tena kwenye simu, wakamuuliza kila mtu isipokuwa yeye, na tangu hapo chai yake ikawa inapoa vikombeni.

Miche ilichipua Aprili, ikakua mwaka mzima bila kuzaa, kama ilivyo desturi yake, na Julai 2023 shangazi alipeleka bakuli la kwanza kanisani, likarudi limejaa. Rasiberi ukiichuma huacha kiini chake kwenye kikonyo, nayo hubaki na uwazi kama kofia ndogo, na kuna aliyeipindua na kusema, "Mwaona, tunda hili halina moyo." Bakuli hilo lililiwa lote na Leyla, muuguzi mwenzake, ndani ya gari, na anasema alifika kazini na sare yenye madoa, wagonjwa wakadhani ametoka kwenye upasuaji.

Mei 2024 shangazi alipatikana na saratani ya ini, nami nikaja kwake Agosti, nikaacha masomo mwaka uliofuata ili nimuuguze. Novemba iliyopita, aliweka mbegu nyingine kwenye mchanga wa kopo, akalirudisha kwenye friji, akisema hizo ni za Leyla. Alifariki hospitalini alfajiri ya Alhamisi, tarehe 29 Januari 2026, mimi na Eric tukiwa tumemshika mikono.

Mzee Njoroge alisema kaburi halitafunguliwa. "Nataka ndugu yangu apumzike, si afuatwe mpaka chini," alisema, na siku zikaenda, maiti ikangoja, na hakuna hata mmoja wa wale waliokuwa wakipiga simu aliyepiga kumwomba. Jumapili iliyopita, kwenye matanga, alisimama sebuleni akadai aletewe kopo mbele ya mchungaji. Nilikuwa nimelitoa kwenye friji siku ya msiba ili nipate nafasi ya maziwa ya chai yenu, likawa dirishani jikoni, kwenye joto. Mchungaji alilimwaga kwenye sinia, nao waliokuwa karibu wakasogea nyuma, na mle mchangani tukaona mbegu zimepasuka, nyingine zimetoa mzizi mweupe mwembamba kama uzi.

"Mbegu za nini?" Mzee akauliza, bado amekunja uso.

"Anko, ni raspberries tu," Eric akasema, kwa Kiswahili mara hii. "Mimi na Dad tulizila kwa Hardeep."

"Na mimi nimekula kwake miaka mitatu," Leyla akasema. "Mwaniona mzimu?"

Mzee aliomba miwani yake, akaweka mbegu moja kiganjani, akaigeuza kwa kidole. "Kama ni hivi, kwa nini hakusema?"

"Mzee wangu, kwa heshima," Leyla akamjibu, "wewe ulimuuliza lini?"

Mzee alivaa koti akaondoka, na asubuhi alimpigia mchungaji, akasema, "Waambie wachimbe." Hakusema kwamba ameamini, alisema wachimbe, nami nimelipokea hilo kama lilivyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu, majirani wa mtaa wetu, Hardeep aliyefika akiwa na buti za shambani, Leyla na wenzake wa wodini, na kanisa kwa sala na vyakula, ingawa nimeona ni nani waliokuja na vyakula vyao na kula hivyo hivyo tu.

Tukitoka hapa tunaelekea makaburini. Mnaokuja kwa huzuni, karibuni, na mnaokuja kuhakikisha, karibuni pia, msisimame mbali, sogeeni mwone. Shangazi, umefunguliwa mlango ulio haki yako, lala ubavuni mwa mume wako, upumzike kwa utulivu, na atakayekuwa bado na swali, sasa aniulize mimi.