Kiganja cha Mzee Zénon

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Zénon Nimbona anavua ovaroli yake baada ya miaka ishirini na mitatu katika gereji yetu ya Warwick, Durban. Ametuonya kwamba hataki hotuba ndefu. Basi tumeyaandika maneno yetu hapa, ambapo hawezi kutukatiza.

Alitoka Bujumbura akiwa tayari fundi umeme wa magari, akafika kwetu na koleo moja pamoja na mkasi wa kukatia vitambaa. Mkasi ulikuwa wa mkewe, Mama Libérate, anayeshona nguo katika mtaa wa Berea. Kwa mkasi huo alichuna waya za teksi za nusu ya Durban. Mama Libérate bado anaudai, na mwenye gereji ameahidi kumrudishia siku ya sherehe, ingawa kitambaa hautakata tena.

Watu walimjua zaidi kwa betri ya pili, ile inayofungwa nyuma ya gari ili iendeshe friji, spika za kwaya au mashine za kunyolea bila kuimaliza betri ya kuwashia injini. Mafundi wengine huifanya kazi hiyo kabla ya chakula cha mchana. Yeye ilimchukua siku nzima. Betri aliibana kwa chuma hadi isitikisike. Waya ulikuwa mnene, na kila ulipopita kwenye tundu la bati aliweka mpira usije ukachubuka. Fyuzi zilikuwa mbili, moja karibu na kila betri, kwa sababu umeme unaweza kuja kutoka pande zote mbili. Mwishowe aliwasha kila kitu, akaenda kunywa chai, kisha akarudi kuushika waya kwa kiganja. Akiukuta una moto, dalili kwamba umefungwa vibaya, alisema tu, “Toa yote.” Tulitoa yote, huku tukinung'unika.

Mama Colette, muuza samaki, alinung'unika kuliko sisi. Ilikuwa wiki ya Pasaka, wateja wanamsubiri, na Mzee akakataa kuitoa gari yake mpaka apate mpira wa tundu moja. Mama Colette alimwambia mbele ya wateja kwamba anamuua kwa njaa. Mzee akaendelea kutafuta mpira.

Miezi michache baadaye lori liliigonga gari hiyo kwa nyuma kwenye robot, yaani taa za barabarani, watoto wawili wa Mama Colette wakiwa ndani. Bati lilijikunja na kuukata waya. Fyuzi zote mbili ziliungua papo hapo, umeme ukakatika, na moto haukuwaka. Mama Colette alikuja gereji akinuka samaki, akasimama mbele ya Mzee.

“Eish, fundi, samaki yote imeharibika,” alisema. “Lakini batoto yangu iko hapa.”

Tangu siku hiyo hakukubali fundi mwingine aguse gari yake. Ndiyo maana mwaka huu, aliponunua gari mpya na kusikia Mzee anastaafu, aliingiwa na hofu. Alimwomba amfungie betri ya pili kabla hajaondoka. Mzee alikataa, akatukabidhi sisi. Tunakiri kwamba hofu ilituingia pia.

Jumatano iliyopita Diane, fundi mwenzetu, aliongoza kazi hiyo, Mzee akiwa amekaa juu ya tairi. Tuliwasha friji, tukanywa chai ambayo hakuna aliyesikia ladha yake. Kisha Mzee akainuka, akaushika waya, akaushikilia muda mrefu kuliko kawaida yake. Mama Colette alikuwa akimtazama usoni. Mzee akajifuta mkono kwenye ovaroli, akauliza kama chai imebaki. Waya haukuwa na moto; Diane akaenda kummiminia.

Mzee Zénon, asante kwa kila kazi uliyoturudisha kuifanya upya. Tunakupenda, na tutakukosa sana. Tunawatakia wewe na Mama Libérate maisha mema na marefu nyumbani kwenu Cato Manor, na uiache cherehani yake ilivyo. Ila simu usiizime. Tutashika waya kwa viganja vyetu, na siku tukiwa na shaka, tutahitaji chako.