Yaliyosemwa Chini ya Etha

Padre, wazee, ndugu na majirani, kwa niaba ya ukoo nasimama mimi Josephu, mdogo wake marehemu, kuwasomea maisha yake.

Marehemu Danieli Nandonde alizaliwa Madimba tarehe 14 Machi 1931, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita, mwaka 1952 akaajiriwa hospitalini kama dresa, yaani mfunga vidonda, na kuanzia 1958 kazi yake ikawa kuwalaza wagonjwa wa kupasuliwa, akitonesha etha, dawa ya usingizi, tone kwa tone juu ya shashi iliyofunika pua na mdomo. Harufu ya dawa hiyo ilimganda hata kanisani, na watoto walimkimbia.

Tarehe 6 Juni 1959 alifunga ndoa na Rustika, binti wa Mzee Chilumba wa ng'ambo ya Ruvuma, yule aliyeuawa na askari wa Kireno akiwa mafichoni, Agosti 1968. Walijaliwa watoto watatu.

Wengi wenu mlipita mikononi mwake, na mnajua kwamba mtu akianza kulewa etha husema asiyotaka kuyasema, hivyo marehemu alikuwa na desturi ya kuja kitandani ukizinduka, akakuambia kwamba hukusema neno. Mimi nilipasuliwa ngiri Oktoba 1969, nikazinduka, akakaa nami hadi jioni akininywesha uji, lakini hilo hakuniambia. Tangu hapo nimekula kwake karibu miaka mitano, naye hakubadilika hata kidogo, na kutobadilika kwake kulinitisha kuliko ugomvi.

Tarehe 9 Juni mwaka huu, 1974, utumbo ulijisokota, akafikishwa hospitalini amechelewa, na kwa uchache wa wasaidizi niliruhusiwa kumshika mikono. Akatoneshewa etha, na pumzi ya nne akaanza kusema, wala si kwa sauti yake, alilia kama mama mmoja wa Mikindani aliyewahi kumlaza, akanong'ona Kimakua asichokijua, akakohoa kikohozi cha mtu tuliyemzika zamani, na mwisho, Mungu ni shahidi, nikasikia sauti yangu mimi ikitoka kinywani mwake, ikieleza njia ya kufika alikojificha Mzee Chilumba. Hakuzinduka tena.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi wenzake, na majirani mliochimba kaburi na kutuletea mihogo.

Shemeji Rustika, mimi ndiye niliyewaonyesha askari njia, wakanipa baiskeli. Mumeo alijua, akakuficha jambo hilo kwa ajili yangu, usimlaumu.

Kaka, mzigo huo nimeubeba mwenyewe sasa, lala upumzike.