Bu Wiwin Anaondoka, Chuma Chake Kinaingia Kazini

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Ibu (Mama) Wiwin Rukmini, mkuu wa maabara yetu ya metali za joto kali hapa Bandung, anastaafu rasmi Alhamisi hii, tarehe 27 Agosti. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya kijitabu cha sherehe. Waliniambia ukurasa mmoja unatosha. Nimejaribu, nimeshindwa. Mtu aliyefunga ndoa mwezi uliopita hawezi kuandika kwa kifupi, na akiwa anamwandikia Bu Wiwin, ndiyo kabisa.

Kwa wageni wasioijua kazi yetu, niieleze kidogo. Ndani ya mitambo ya gesi inayofua umeme kuna mapanga madogo yanayozunguka kwa kasi katikati ya moto mkali. Chuma cha kawaida kikikaa humo hakiyeyuki, kinarefuka. Kinarefuka polepole kuliko ukucha unavyoota, mpaka siku moja panga linagusa ukuta wa mtambo na kila kitu kinasagika. Sisi tunatafuta aloi, yaani mchanganyiko wa metali, isiyorefuka. Tunachukua kijiti chake, chembamba kama kidole cha mwisho, tunakitia kwenye tanuru, tunaning'iniza vyuma vya uzito chini yake, halafu tunangoja. Hatungoji wiki, tunangoja miaka. Na miaka yote hiyo kijiti hakitakiwi kupoa, kuguswa wala kutikiswa.

Ni kazi ya mwenye subira, na Bu Wiwin alizaliwa nayo. Kwao ni Ciwidey, na baba yake alikuwa mhunzi wa visu. Alipokuwa mtoto alimuuliza baba yake kwa nini kisu kikiwa chekundu kinakubali kupinda, na kikipoa kinakataa. Mzee akamjibu, "Kiulize chenyewe, mimi nakipiga tu." Bu Wiwin anasema tangu siku hiyo hajafanya kazi nyingine ila hiyo ya kukiuliza.

Alisoma hapa, kisha akaenda Japani kwa shahada ya uzamivu. Walimbembeleza abaki. Alirudi. Ukimuuliza sababu atakwambia sambal ya kule, pilipili ya kusaga, ni tamu kama jamu. Ukimuuliza mumewe, Pak (Bwana) Oman, atakwambia sababu ni yeye, na mimi namwamini Pak Oman.

Hapa nahitaji nafasi kidogo, maana haya ni mapenzi na siwezi kuyaruka. Pak Oman alikuwa mwalimu wa aljebra chuo kikuu, ile aljebra ya juu isiyo na namba, yenye herufi na mishale tu. Bu Wiwin alikuwa bado mwanafunzi na alikuwa amekwama. Alitaka kujua fuwele ya chuma chake inaweza kugeuzwa kwa njia ngapi na bado ionekane vilevile. Akaenda kumuuliza kijana huyo kwenye mgahawa wa chuo. Pak Oman hakuchukua karatasi. Alichukua kipande cha tofu ya kukaanga kutoka kwenye sahani yake, mraba kila upande, akaanza kukigeuza kati ya vidole viwili huku akihesabu. Alifika ishirini na nne. Tofu ilishapoa, na Bu Wiwin alikuwa haangalii tena tofu. Mpaka leo hawajaacha kutaniana. "Kazi yako inakula umeme wa mtaa mzima," Pak Oman humwambia. "Yangu inataka penseli na kahawa." Naye Bu Wiwin humjibu, "Na kahawa anaichemsha nani?"

Aliporudi kutoka Japani alipewa chumba kilichojaa viti vilivyovunjika, na tanuru moja kuukuu. Viti alivitoa kwa mikono yake. Tanuru ndilo lililomsumbua, kwa sababu wafanyakazi wa zamani walizoea kuchoma viazi vitamu vya Cilembu juu yake. Viazi hivyo hutoa utomvu kama asali. Siku moja utomvu ulidondoka ndani na sampuli yake ikatoka na madoa kama chui. Alikuja pale, akachukua kiazi kimoja, akakimenya, akakila chote mbele yao. "Kitamu," alisema. "Sasa mwenye viazi ni nani?" Hakujitokeza mtu. Wiki iliyofuata alinunua jiko dogo la kuoka, akaliweka karibu na geti, na mpaka leo viazi vyetu huchomwa huko.

Lakini kitu alichokifanya ambacho watu watakikumbuka zaidi ni "punten". Sisi Wasunda, wenyeji wa huku, hatupiti mbele ya mtu bila kusema punten, yaani samahani napita, na aliyekaa hatuachi bila kutujibu mangga, yaani pita. Bu Wiwin aliifanya kuwa sheria ya chumba cha tanuru. Hakuna kufungua mlango mpaka useme punten kwa sauti na aliye ndani ajibu mangga, kwa sababu aliye ndani huenda ameshika koleo lenye chuma chekundu. Miaka yote hiyo hakuna aliyeungua vibaya humo. Maabara nyingine zina king'ora. Sisi tuna adabu.

Na ni adabu hiyo hiyo iliyotuponza.

Miaka mitano iliyopita aloi kubwa ya maisha ya Bu Wiwin ilikuwa majaribioni. Aliitengeneza kwa nikeli ya hapa nchini, na ilikuwa ya punje moja. Chuma cha kawaida ni punje nyingi zilizoshikana, na kwenye joto kali huanza kuteleza kwenye mipaka yake. Yeye alikiotesha chuma kikawa punje moja kutoka mwanzo hadi mwisho, hakina mpaka ndani yake. (Nikiisoma sentensi hiyo namkumbuka mume wangu, lakini tuendelee.) Kijiti kilikuwa kimening'inia kwenye tanuru tunaloliita Si Geulis, Mrembo, kwa zaidi ya miaka mitatu. Ilibaki miezi michache kifikishe muda uliotakiwa na kituo kimoja cha umeme cha pwani ya kaskazini. Kikifika, wangeweka mapanga ya aloi hiyo kwenye mtambo wao mmoja.

Bu Wiwin alikuwa na hamu moja tu, na hakuificha. "Nataka nisikie mtambo ukiwaka na mapanga yangu ndani nikiwa bado mfanyakazi," alikuwa akisema. "Sitaki kwenda kama mgeni, nivalishwe kitambulisho cha mgeni shingoni na nioneshwe choo kiko wapi."

Siku hiyo mhandisi wa kituo, Pak Hendar, alikuja na wenzake kukiona kijiti. Waliketishwa kwenye benchi ukutani, mkabala na Si Geulis. Kijana mpya, Gilang kutoka Garut, aliambiwa apeleke chai na surabi, vitumbua vya kwetu, za moto. Nafasi kati ya magoti ya wageni na tanuru ilikuwa nyembamba. Gilang alifanya kile ambacho kila mtoto aliyelelewa vizuri kwetu hufanya akipita mbele ya wakubwa. Alisema punten, akainama chini kabisa, mkono wa kulia ukielekea sakafuni. Alipoinama hivyo, nyonga yake ikasukuma vyuma vya uzito vya Si Geulis. Vililia kama kengele.

Watu wote waligeuka. Kwenye skrini mstari unaoonyesha urefu wa kijiti uliruka, ukarudi mahali pake, ukaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Pak Hendar ni mtu mwema. Alikohoa, akasema, "Ah, Bu, ni kidogo tu. Sisi tulikuwa tunaangalia surabi."

"Nyinyi mlikuwa mnaangalia surabi, Pak," alisema Bu Wiwin. "Kijiti hakikuwa kinaangalia surabi."

"Lakini hakuna atakayejua."

"Kitakapokuwa kinazunguka kwenye mtambo wako, na vijana wako wamesimama pembeni, utataka mimi niwe najua au nisiwe najua?"

Bu Wiwin akasema jaribio limetikiswa, halihesabiki, tunaanza upya na kijiti kipya.

"Bu Wiwin," alisema Pak Hendar kwa upole, "umebakiza miaka mitano tu ustaafu."

"Ndiyo maana naanza leo."

Pak Oman ameniruhusu nieleze yaliyofuata nyumbani kwao. Jioni hiyo mkewe hakugusa chakula. Wao huitana Kang, yaani kaka, na Neng, yaani binti. Alimuuliza, "Kang, ukigundua umekosea hatua moja katikati ya uthibitisho, na hakuna aliyeiona, unafanyaje?" Pak Oman akamjibu, "Narudi pale pale, Neng. Aljebra yangu haiangaliwi na mtu. Nikijidanganya, nitakaa na huo uongo peke yangu, na mimi sipendi kukaa peke yangu." Ndipo akala.

Gilang yeye alikuwa amejificha nyuma ya stoo, amefungasha vitu vyake ili arudi Garut. Bu Wiwin alimfuata huko asubuhi iliyofuata. Mimi nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimempelekea maji, na niseme ukweli, nilikuwa pia nimempelekea macho yangu.

"Jang," alimwambia, yaani kijana, "lile benchi pale nani aliliweka?"

"Sijui, Bu."

"Mimi. Sasa anayepaswa kufungasha vitu ni nani?"

Gilang alianza kulia upya. Bu Wiwin akamwambia, "Mama yako alikufundisha vizuri, na usije ukamwambia nimesema vingine. Njoo tulihamishe."

Walilihamisha benchi wao wawili. Tangu hapo chumba cha tanuru kina sheria ya pili: hakuna kuinama. Unasema punten na unapita umenyooka kama mwanzi. Sheria hiyo imetuletea aibu zake. Mkurugenzi wetu mpya alipokuja mara ya kwanza, Gilang alipita mbele yake kifua mbele, na mkurugenzi akaguna, "Kijana wa wapi huyu, hajui kuinama?" Bu Wiwin akamjibu kabla Gilang hajafungua mdomo, "Akiinama namfukuza, Pak. Na Bapak pia usiiname."

Jaribio la pili lilianza. Tulijua sote kwamba likienda vizuri mapanga yangewahi kuingia mtamboni kwa nafasi ndogo sana kabla ya Bu kustaafu, na likiharibika tena, basi. Sijawahi kuona watu wakitembea kwa unyenyekevu vile ndani ya jengo la serikali. Milango ilibandikwa sponji. Mara moja wajenzi walileta mashine ya kushindilia barabara nje ya ukuta wetu. Bu Wiwin alitoka na mwavuli wake wa maua, akasimama mbele ya mashine.

"Bu, hii ni barabara ya serikali," alisema msimamizi wao.

"Na kijiti changu pia ni cha serikali. Kiko nyuma ya ukuta huo."

"Sasa tufanyeje?"

"Kipande hiki mshindilie kwa mkono. Bandrek na surabi juu yangu."

Walishindilia kwa mkono siku mbili, wakinywa bandrek ya tangawizi na kumwita Mama. Msimamizi hupita hata leo kuuliza, "Kijiti kinaendeleaje?"

Kinaendelea vizuri. Kilifika muda uliotakiwa mwanzoni mwa mwaka jana, na kilikuwa kimerefuka kidogo sana hata Pak Hendar aliomba apimiwe mara ya pili. Bu Wiwin hakupiga kelele. Aliweka kiganja chake kwenye ukuta wa nje wa tanuru, ule usio na moto, akakiacha pale kwa muda, kama mtu anavyomgusa mtoto aliyelala. Mapanga yalimiminwa, yakakaguliwa, yakapelekwa pwani. Kisha ukaja ucheleweshaji wa upande wa kituo, mwezi baada ya mwezi, na tukaanza kuogopa kuangalia kalenda.

Wiki mbili zilizopita Pak Hendar alipiga simu. Mtambo utawashwa Alhamisi tarehe 27 Agosti, saa nne asubuhi. Siku ya mwisho ya kazi ya Bu Wiwin. Saa na siku ya sherehe hii.

Mkurugenzi alimsihi. "Bu, ukumbi umeshapambwa. Wali wa tumpeng umeagizwa."

"Tumpeng mle, Pak. Mimi ile siku bado ni mfanyakazi, na kazi yangu iko pwani."

Kwa hiyo, wageni wetu wapendwa, kiti cha mbele chenye maua kiko wazi, na wala si kwamba Bu amechelewa. Wameondoka baada ya sala ya alfajiri, yeye na Pak Oman, ambaye hapendi kelele za mitambo na ameamua kwenda hivyo hivyo. Anayewaendesha ni mume wangu, Gilang. Ni mara ya kwanza tangu arusi yetu nimeamka hayupo, na nimemfungia wali na tempe za soya za kutosha watu saba. Kilele cha tumpeng, kipande cha mwenye sherehe, tumekitenga kwenye bakuli lenye mfuniko. Atakayekigusa kabla Bu hajarudi atajibizana na mimi.

Saa nne ikifika tutaomba ukumbi unyamaze kidogo. Hatutasikia chochote, pwani ni mbali. Tutanyamaza tu.

Bu Wiwin, asante kwa kila punten na kila mangga, kwa kiazi ulichokula mbele ya wenyewe, na kwa benchi ulilolihamisha. Tunakuombea asubuhi ndefu zisizo na kengele, afya njema wewe na Pak Oman, na kahawa ambayo safari hii aichemshe yeye. Na mtambo ukiwaka, Bu, usikimbilie kutupigia simu. Sikiliza kwanza wewe, mpaka utosheke.

Yuyun Wahyuni
Chumba cha Tanuru