Hilari Kasimiri, Aliyepasua Nta ya Nyumbani

Tarehe 31 Desemba 1954 Bwana Hilari Kasimiri anaweka chini shoka lake dogo, baada ya miaka ishirini na sita katika ghala la nta la Velji na Wanawe, Tabora. Sisi tunaojua asivyoweza kukaa bure tunamwonea huruma mkewe, Mama Tekla.

Alitujia kutoka kampuni moja ya wageni, ambako kila kitu kilikaguliwa, na mkaguzi naye akakaguliwa. Kwetu mkaguzi alikuwa Bi Dolatbai, mama yake Mzee Velji, aliyeketi barazani na ufunguo wa ghala kiunoni. Nta ya wauzaji ilipasuliwa kwa shoka ili itazamwe ndani. Nta iliyonunuliwa na wana wa nyumba haikuguswa. Kuipasua ni kumtukana mwenye nyumba.

Hilari hakuambiwa, na hata angeambiwa sidhani kama angesikia. Mzigo wa Jaffer, mpwa wa Mzee, ulipofika kwa treni kutoka Usoke, aliupasua mbele ya watu. Likatoka jiwe, kisha mchanga. Jaffer alikuwa akinunua kwa kufumba macho, maana nani angemuuliza? Na wanunuzi wa Dar es Salaam walikwisha kuturudishia nta mara mbili, wakaapa kwamba ya tatu ndiyo mwisho wetu.

Hilari akafunga godoro lake, akijua atafukuzwa. Mimi Damas, karani mwenzake, nilimwazima kamba. Jioni Bi Dolatbai akasema mchelea mwana kulia hulia yeye, akaufungua ufunguo kiunoni na kumpa Hilari. Kabla yake hakuna mtu asiye wa ukoo aliyewahi kuushika. Tangu hapo kila donge hupasuliwa, hata la Mzee.

Nyumba nayo ilimfundisha. Mwaka wa njaa kampuni ile ilifunga kituo chake cha Igalula kwa simu moja tu. Sisi tuliendelea kununua kidogo kidogo, kwa kuwa Mzee aliwajua warina asali mpaka majina ya watoto wao. Mvua iliporudi, wote walileta nta kwetu, na Hilari, bingwa wa kufuata kanuni, ndiye aliyewaandalia chai. Tukajenga ghala la pili.

Jana alirudisha ufunguo, naye Mzee akamkabidhi Jaffer, ambaye sasa ana mvi. Jaffer aliomba kwanza shoka. Akauendea mzigo ulionunuliwa na mwanawe mwenyewe, akapasua donge la juu. Lilikuwa safi, la manjano mpaka ndani. Hilari alilia mbele yetu sote, ingawa leo anakana.

Ahsante sana, Bwana Hilari. Nenda Itetemia ukafuge nyuki wako kwa amani, Mungu akujalie afya na wajukuu watundu. Nta yako tutaipokea kwa mikono miwili, na tutaipasua.