Mjane Aliyetia Chumvi

Tumsifu Yesu, mama zangu. Asanteni kwa kuitikia. Ninyi wa nyuma nasikia bado mnaongea, lakini nitaanza hivyo hivyo, maana nikingoja mnyamaze tutalala hapa.

Mmeniomba niseme namna nilivyopona vita. Sitataja jina la mtu. Mmoja wa hao walionisaidia yuko humu ndani, na akisikia jina lake atasimama atoke.

Vita vilipoingia kwetu, upande wa Kolwezi, mume wangu alitoka kuchota maji. Majirani walinirudishia ndoo tu. Walikuwa wamekwisha kumzika, sikumwona. Nikapanda lori na mtoto wangu wa kike wa miezi minne, tukashushwa hapa Likasi, kwenye uwanja wa parokia. Kila asubuhi mama wa mji walikuja kuchukua watu wa kukaa nao. Mimi nilijificha nyuma ya wengine. Mama mmoja mfupi, mke wa mfanyakazi wa machimbo ya chokaa ya Kakontwe, akanipita, akarudi, akamtoa mtoto mgongoni mwangu, akaenda zake. Ndugu zangu, nawaambia, ningefanya nini? Nilimfuata mtoto wangu.

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili: yeye, mume, watoto watatu, na mama mkwe. Walinifungulia mlango. Mimi ndiye niliyekataa kuingia. Mnajua desturi yetu: mjane ambaye ndugu za mume hawajamtakasa hagusi chungu cha wengine, na hasa haweki chumvi. Wakila chumvi yake, watakohoa mpaka kufa. Na ndugu za mume wangu vita vilikuwa vimewatawanya. Nani angenitakasa? Basi nikapanga mawe matatu nyuma ya nyumba, nikapika peke yangu, majani na unga kidogo, siku baada ya siku. Niliona ninawalinda.

Maziwa yakaanza kukauka. Mtoto akawa mwepesi, halii tena, ananitazama tu. Nilijua anakufa, na bado sikuondoka kwenye mawe yangu. Msinicheke. Huzuni inakufanya mjinga, na wewe unadhani ni heshima.

Jumapili moja, tulipotoka misa, yule mama akaleta chungu chake cha maharagwe, akakiweka juu ya moto wangu. Akanimwagia chumvi mkononi.

"Weka," akasema.

"Yaya," nikamwita, kama mtu anavyomwita dada mkubwa, "batoto yako batakufa."

"Batoto ya minye banashiba. Ya weye njo iko anakufa. Weka, mudogo yangu."

Mama mkwe wake alikuwa ameketi mlangoni. Aliinuka, akaenda kula kwa jirani, na huko alikula juma zima. Mimi nikaweka. Nilimwaga yote kwa mara moja, ikazidi, maharagwe yakawa machungu. Walikula yote. Nikala nao, sahani moja, mara ya kwanza tangu nishuke kwenye lori.

Usiku ule nililala ndani kwa mara ya kwanza. Kesho yake asubuhi, kabla ya king'ora cha kazi, nikamsikia mume wake anakohoa. Si kidogo. Alikohoa huku ameshika ukuta. Nikasema moyoni, nimemuua baba wa watu. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikashika barabara ya Kamatanda bila kuaga. Nilikuwa naenda kwa nani, hata leo sijui.

Yule mama alinifikia mbali, miguu mitupu, mikono imejaa unga wa bukari, ugali wetu. Nikamwambia nimesikia kikohozi. Alinitazama, kisha akakaa chini barabarani pale pale, akacheka hadi machozi.

"Mudogo, ile kikohozi ni ya vumbi ya chokaa. Minye niliolewa nayo. Balinipa bwana na kikohozi yake pamoja."

Halafu akaacha kucheka. "Weye ukienda, minye nitabakia na nani wa kusema naye? Mama mukwe?"

Nikalia. Tangu waniletee ile ndoo sikuwa nimelia. Tulikaa chini wawili, watu wanapita kwenda kazini wanatuzunguka, na mtoto akanyonya hapo hapo kile kidogo kilichokuwepo.

Maziwa yalirudi polepole. Ndugu za mume wangu nao walifika baada ya mwaka, wakafanya desturi yao, na mimi niliipokea kwa heshima. Lakini wakati huo nilikuwa nimekwisha kunenepa. Mama mkwe alipoona hakuna aliyekufa, alianza kuniita mimi nimwekee chumvi, eti binti mkwe wake hajui kuipima.

Namshukuru yule bibi, mama mkwe. Nawashukuru wa parokia. Namshukuru baba wa nyumba, aliyekula yale maharagwe bila kukunja uso. Mtoto wangu ndiye aliyeanzisha wimbo wetu wa kuingia leo, mmemsikia.

Neno ninalowaachia ni dogo. Mwenye msiba akijitenga, msiseme tumwache, anataka hivyo. Nendeni mkakae kwenye moto wake.

Na kuna jambo moja bado. Miaka hii yote sijamwambia yule mama asante. Kila nilipoanza, alinituma kuteka maji. Leo nimesimama mbele ya watu, hana mahali pa kunituma. Yaya, asante.