Siku Tatu Nilizofunga Vibaya

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wenye nguvu, asifiwe na sisi tuliochoka. Nimeuandika ushuhuda huu kwa sababu nikisimama bila karatasi nitaanza kufikiri katikati ya sentensi, na hamtanielewa.

Naitwa Amosi. Tangu nimalize chuo miaka minne iliyopita, nafundisha hesabu kwa kujitolea katika sekondari moja hapa Kiomboi huku nikisubiri ajira. Mke wangu Janeth anauza kwenye duka la dawa karibu na stendi. Huu ni mwaka wa nne wa ndoa yetu, na hatuna mtoto.

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa kuwaza. Mtu akinisalimia kwa sauti ya chini, nawaza hadi jioni nimemkosea nini. Basi fikirini mwaka wa kwanza wa ndoa ulipita, wa pili ukapita, na kila mwezi nahesabu siku kimya kimya, Janeth naye anahesabu, na hakuna anayemwambia mwenzake kwamba anahesabu.

Mama yangu anakaa Ulemo. Ni mama wa maombi, sitaki mumfikirie vibaya. Lakini aliamini kama wengi tunavyoamini, kwamba mtoto akikosekana anayetafutwa ni mwanamke. Alimpeleka Janeth kwa bibi mmoja wa kukanda tumbo. Akamletea mizizi ya kuchemsha. Janeth alikunywa. Ile mizizi ilikuwa michungu kiasi kwamba hata sufuria ilibaki na harufu, na mimi nilikuwa nakaa mezani nasahihisha madaftari, namwona anakunywa, nanyamaza.

Kwa sababu moyoni nilikuwa na shaka. Nilishasoma kwenye simu kwamba tatizo linaweza kuwa la mwanaume. Nikapata namba ya kliniki ya daktari bingwa iliyopo Singida mjini, upande wa Utemini, nikapiga nikiwa nyuma ya darasa. Dada aliyepokea akaniambia, "Kaka, kabla ya kipimo ufunge siku tatu. Zisipungue mbili, zisizidi saba."

Ndugu zangu, nilifurahi! Nikasema, kumbe hata kliniki ni ya watu wa imani! Nikawaza sana hilo la kutozidi saba, nikaona ni busara, mtu asije akadhoofika.

Hapo ndipo nilipotenda dhambi. Nilimdanganya mke wangu. Nilimwambia nimeitwa kwenye usaili wa kazi Singida, na kwamba nitafunga na kuomba. Janeth akasema, "Mume wangu, tutafunga wote." Tukafunga, siku tatu, maji tu mpaka jioni. Na kwa kuwa siku zake za kushika mimba ziliangukia humo humo, nikajiambia Mungu hawezi kukasirika tukiendelea kutafuta kile kile ninachofunga kwa ajili yake. Kwa hiyo maisha ya ndoa yaliendelea kama kawaida.

Nilifika kliniki nayumba kwa njaa. Dada akaniuliza, "Umefunga siku ngapi?" Nikajibu tatu, kwa kujiamini kabisa. Akaandika. Nikapewa kikopo, na aibu ya chumba kile sitaisimulia madhabahuni. Majibu yakatoka: mbegu chache mno. Daktari alikuwa mama mmoja mpole. Akasema kipimo kimoja hakitoshi, nirudi baada ya wiki kadhaa, na safari hiyo anipime pia mwili. Nikasema ndiyo. Sikurudi.

Niliificha ile karatasi ndani ya kitabu cha kidato cha tatu. Miezi minne! Janeth akiniuliza kama watu wa usaili wameita, nasema bado. Alikuwa ananiombea ile kazi kila asubuhi, kazi ambayo haikuwepo. Nilikuwa nasikia jina langu katika maombi yake natamani nitoke nje.

Kisha tukaitwa Ulemo. Mama alikuwepo na baba mdogo. Tukawaamkia, tukakaa. Baba mdogo akaanza kwa utani wake, "Mwalimu, hesabu hii imekushinda miaka mitatu. Tukusaidie?" Halafu akaacha utani. Alisema wameona ni vizuri binti arudi kwao kwa muda, mimi nami niangalie maisha yangu. Sote tulijua maana yake.

Janeth hakulia. Alisema kwa sauti ndogo, "Mama, nimekunywa vyote mlivyonipa. Kama kuna kingine kimebaki, nileteeni nimalize, nipumzike."

Ndugu zangu, sikuona malaika, wala sikusikia sauti. Nilichoona ni uso wa mke wangu, nikaona umechoka kuliko wangu, na mimi ndiye niliyeuchosha. Kinywa kilifunguka kabla sijawaza. Nadhani ni mara ya kwanza maishani mwangu.

"Mama, siyo Janeth. Ni mimi. Nimepimwa."

"Umepimwa wapi? Nani kakutuma?"

"Nilijituma mwenyewe, mama."

Baba mdogo akaanza kutafuta kofia yake. Ilikuwa kichwani.

Tulirudi Kiomboi. Siku mbili Janeth alikuwa ananiwekea chakula na kuondoka. Siku ya tatu akasema, "Lete hiyo karatasi." Akaisoma polepole, kama anavyosoma karatasi za wagonjwa dukani.

"Hapa wameandika umefunga siku tatu. Zipi hizo?"

"Zile za... usaili."

"Amosi. Zile ulifunga chakula."

"Ndiyo."

"Na mimi je?"

"Na wewe ulifunga."

"Sijauliza hivyo! Kufunga kwa kipimo hiki ni kukaa mbali na mkeo, mwalimu, siyo kukaa mbali na ugali! Wewe na shahada yako!"

Akacheka. Alicheka mpaka akashika meza. Halafu kicheko kikageuka kilio, akasema, "Na mimi nilishinda na njaa kukuombea kazi." Nilimwomba msamaha nikiwa nimekaa sakafuni. Hakunisamehe siku ile. Alinisamehe baadaye, kidogo kidogo, na bado kuna siku najua kwamba anakumbuka.

Tulirudi kliniki wote wawili. Dada wa mapokezi aliposikia, alisema, "Kumbe ndiyo maana kaka ulikuwa unayumba!" Kipimo cha pili, nikiwa nimefunga inavyotakiwa, kilikuwa na nafuu, ila mbegu bado zilikuwa chache. Daktari akanipima, akakuta mishipa ya damu imevimba kwenye korodani ya kushoto. Akatueleza kwa utulivu kwamba joto linazidi pale na mbegu zinaharibika, kwamba wanaume wengi wanalo tatizo hilo bila kujua, na kwamba siyo laana. Nilimwomba alirudie hilo la mwisho. Akalirudia.

Nilifanyiwa upasuaji mdogo. Wiki nzima nilitembea kama bata, wanafunzi wakanong'onezana. Kisha kusubiri, kwa sababu mbegu mpya huchukua karibu miezi mitatu kukomaa. Kupima, kusubiri, kupima tena. Ndugu zangu, kupona kunachosha! Hakuna aliyeniambia hilo. Kipimo cha mwezi uliopita kimeonyesha zimeongezeka. Daktari hakutuahidi kitu. Alisema inawezekana, tuendelee.

Wapo walionishauri nisubiri mtoto ndipo nishuhudie. Nimewaza sana, nimekataa. Sina mtoto wa kuwaonyesha leo. Lakini Mungu amenitoa mahali ambapo mke wangu alikuwa anakunywa dawa ya ugonjwa wangu nami namtazama. Kama huo siyo wokovu, sijui niuite nini.

Jumapili iliyopita tulisali Ulemo. Wakati wa maombi mama alisimama. Janeth akainamisha kichwa, kwa mazoea ya kutajwa yeye. Mama akasema, "Mwombeeni mwanangu Amosi. Alikuwa anaumwa, sasa anatibiwa." Akaketi. Hakuongeza neno. Janeth aliinua kichwa, akakaa wima mpaka ibada ikaisha.

Nakushukuru, Yesu! Nawashukuru na ninyi mlionisikiliza. Kaka yangu uliyekaa humu ukiwa na shaka kama yangu, mwambie mkeo leo mkifika nyumbani, kisha nendeni mkapimwe wote wawili. Ukiogopa kwenda, nitakusindikiza. Mwamini Mungu hata kama huna nguvu ya kupiga kelele. Ananisikia mimi, na siku hizi naomba nikiwa nimekaa.