Orodha ya Saa Kumi

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kuchonga funguo, pale barabara inapokata kona kuelekea posta. Ni mbao mbili juu ya matofali, na ubao wa nyuma umelegea, kwa hiyo anayekaa mwisho hasimami bila kuaga, la sivyo anatuangusha wote. Kuanzia saa tisa na nusu wenyewe wanaanza kufika. Wa kwanza ni Spika, kinyozi wa mlango wa pili, aliyepewa jina hilo kwa sababu ndiye anayeamua nani aseme, na mara nyingi anajichagua mwenyewe. Anafuata Hesabu, mwalimu mstaafu, na kidaftari chake kwenye mfuko wa shati. Halafu anakuja Mama Chapa, anakaa pembeni, mkoba juu ya mapaja, anasikiliza. Tulijua tu kwamba alikuwa karani serikalini, mpiga chapa, basi. Muuza kahawa akipita na birika lake, kila mtu anachukua kikombe, ubishi unaanza. Hatuambiani, lakini kila mmoja wetu ana nyumba ambayo hana haraka ya kuirudia. Mke wa Spika yuko mji mwingine na watoto. Hesabu amefiwa. Mimi sijaoa, na nimefika umri ambao watu wameacha kuniuliza.

Wiki hiyo rais mpya alikuwa na siku tisa tangu aapishwe. Kila siku saa kumi jioni redio ilisoma orodha ya walioteuliwa: makatibu wakuu, wakurugenzi, wenyeviti wa bodi. Na kila siku kuanzia saa tisa na nusu, sisi tulikuwa tunamsaidia kuteua.

Hesabu alishikilia kwamba ni hesabu tupu. Kaskazini wangapi, kusini wangapi, wanawake wangapi, na wale waliopigania tiketi ya chama wakashindwa, nao lazima wapoozwe. Ukijumlisha vizuri, alisema, unaweza kutabiri. Alikuwa ametabiri majina ishirini akapata moja, la mtu ambaye hakuhamishwa hata kiti. Spika akamwambia aachane na daftari. Yeye alikuwa amesikia kwa mteja, na mteja ana shemeji dereva, kwamba mtu anaitwa kwenye chumba kisicho na saa ukutani, anakalishwa peke yake nusu siku, na watu wanamtazama kwa siri. Anayeuliza choo kiko wapi, jina lake linafutwa. Mtu wa madaraka lazima ajue kujizuia. Hesabu akauliza, je, wenye sukari? Spika akasema ndiyo maana mawaziri wengi wanaugua figo. Mimi nikasema labda mheshimiwa anateua tu wale ambao namba zao anazo kwenye simu. Wakanicheka kwamba sina mawazo.

Alikuwapo siku hiyo mgeni mmoja, muuguzi, bado amevaa sare ya kazini. Alileta ufunguo wa mlango wake nimtolee nakala. Nilimwambia asubiri kidogo, Spika akasogea akampa nafasi, naye akakaa akijisugua vifundo vya miguu.

Saa kumi ikafika, nikaongeza sauti ya redio. Msomaji akasoma kwa ile sauti yao isiyopanda wala kushuka. Alipofika kwenye mwenyekiti wa bodi ya shirika la maji akataja majina matatu ya mzee mmoja, akaendelea. Nilikuwa nimeinamia tupa yangu. Nilipoinua macho nikaona kahawa ya Mama Chapa imemwagika yote kwenye gauni, na mwenyewe haifuti.

Nikamuuliza kama ameungua.

— Huyo wa maji ni kaka yangu, alisema. — Tumbo moja.

Spika alifurahi kama aliyeteuliwa yeye. Akasema kumbe tumekaa na mtu mzito miaka yote hii tukimnywesha kahawa ya bei ya chini. Hesabu akafungua daftari aone huyo mzee angeingia safu ipi. Mama Chapa aliwaacha mpaka wakaisha wenyewe. Kisha akaanza kuongea, na sijawahi kumsikia akiongea vile. Hakupandisha sauti, lakini hakuna aliyemkatiza, hata Spika.

Alisema hakuna chumba kisicho na saa. Majina yanakuja kwenye karatasi ya kawaida, mengine yameandikwa kwa kalamu, mengine yamekatwa na kuandikwa upya pembeni, mpaka mwandiko unabanana. Watu wa usalama wanayarudisha na alama. Majina yanazunguka hivyo wiki nzima. Mwishoni yanafika kwa mpiga chapa, mlango unafungwa kwa nje, na unachapa. Alikuwa amewachapia marais watatu. Akatueleza jambo ambalo sisi wenye nadharia hatukuwahi kuliwaza: rais mpya akiingia, viti vyote tayari vina watu. Kabla ya kujaza inabidi kumwaga. Kwa hiyo barua zinachapwa mbilimbili, ya anayeingia na ya anayetoka. Ya anayeingia ina aya tatu. Ya anayetoka ina aya moja.

Miaka kumi nyuma, rais huyu aliyeondoka alipokuwa ndiye mpya, ililetwa orodha ya watu kumi na wanne wa kutenguliwa. Wa tisa alikuwa kaka yake, wakati huo mkurugenzi mkuu wa shirika hilohilo la maji. Pale ofisini hakuna aliyejua undugu wao, kwa sababu yeye alitumia jina la marehemu mumewe. Angeweza kusema, wangempa mwingine achape. Hakusema. Alikuwa ameapa kutunza siri akiwa msichana wa miaka ishirini na moja, na kaka yake huyo ndiye aliyemlipia chuo cha kuchapa, akamnunulia na viatu vya kwendea kwenye usaili. Basi akachapa. Alisema hakukosea hata herufi moja, na kwamba mpaka leo kutokukosea kule kunamuuma.

Jioni ileile kaka yake akapita kwake kula, kama alivyozoea kila Alhamisi tangu wote wawili wabaki bila wenzi. Alipakua chakula. Kaka akanawa mikono, akala, akasifu. Alipomaliza akasogeza sahani, akamuuliza kwa sauti ya chini.

— Mdogo wangu, huko kwenu kuna hali gani? Watu wanasema mengi.

— Hali ya kawaida tu, kaka. Ongeza mchuzi.

Akaondoka ametulia. Kesho yake alikuwa na shughuli ya kuzindua mtambo wa kusukuma maji, watu mia tatu chini ya hema, na mwenyewe kwenye kipaza sauti akieleza mipango ya miaka mitano. Saa kumi madereva walikuwa kwenye magari wakisikiliza redio. Habari ikatoka kwenye magari ikaingia hemani, kiti hadi kiti, na mtu wa mwisho kuipata alikuwa yule anayehutubia. Aliona watu wanainama kunong'ona akadhani wamechoka, akawaomba wavumilie, amebakiza kidogo. Mtu mmoja akapanda jukwaani akamwekea kikaratasi. Alikisoma, akashukuru hadhara, akashuka. Dereva wake alikuwa tayari amepigiwa simu arudishe gari ofisini. Akatembea hadi nyumbani na suti yake, saa nzima, akipitwa na magari ya waliokuwa wageni wake.

Mama Chapa alikwenda kwake usiku uleule. Alibisha, taa ikiwa inawaka ndani. Kaka yake akazungumza bila kufungua.

— Ulinipakulia ukijua.

Hilo tu. Akarudi tena kesho yake, na Alhamisi iliyofuata, na nyingine, hakufunguliwa. Mwezi ulipoisha akaacha kwenda. Barua mbili alizoandika zilirudi zimefungwa. Miaka minne baadaye akastaafu, akahamia chumba hiki cha karibu na posta, akaanza kuja kukaa kwetu. Tulikuwa tunadhani anakuja kwa ajili ya kahawa.

Nilikuwa nimesahau ufunguo mkononi. Spika akasema kwa upole, na yeye si mtu wa upole, kwamba basi leo ndiyo siku. Mzee amerudishiwa heshima yake, moyo utakuwa umelainika, apige simu sasa hivi ampe pongezi. Hesabu akaunga mkono. Akasema mtu akipata furaha husamehe kwa urahisi zaidi, na hata alipokuwa anafundisha alikuwa anasubiri siku ya mshahara ndiyo asamehe wanafunzi. Mimi nikatoa simu yangu nikamnyooshea. Mama Chapa akasema namba yake ya zamani anaikumbuka, kama bado ni hiyo. Alianza kuibonyeza.

Yule muuguzi alikuwa hajasema neno tangu akae. Sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Aliuliza kama anavyouliza mgonjwa ameanza lini kukohoa.

— Na jana, mama, kabla hawajamtaja, ulimpigia?

Spika akatazama barabarani. Kidole cha Mama Chapa kilikuwa bado juu ya simu, kimebakiza tarakimu mbili. Akanirudishia simu. Nikamaliza ufunguo wa watu, muuguzi akaujaribu kwa kuulinganisha na ule wa zamani, akaaga, akaenda zake. Hatujamwona tena.

Kesho yake Mama Chapa hakuja. Tulikaa watatu na redio ikasoma orodha, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kuteua mtu. Hesabu aliandika majina, akayafuta. Siku iliyofuata Mama Chapa akaja, mapema kuliko kawaida, amevaa gauni la kitenge ambalo hatukuwahi kuliona na viatu vya kufunga. Alikuwa ametokea kwa kaka yake.

Alitusimulia polepole. Alisema lile swali halikumpa usingizi, akaona simu haitoshi, bora aende kwa miguu yake asimame mlangoni, kaka yake amkatae mwenyewe kwa mdomo wake. Alikuta magari yamepangwa kutoka getini hadi kwenye kona. Getini palikuwa na mlinzi mgeni, kijana mstaarabu, na daftari la wageni: jina, saa ya kuingia, uhusiano na mwenyeji. Kwenye uhusiano akaandika mdogo wake. Mlinzi akasoma, akamtazama bila dharau.

— Karibu, mama. Wewe ni mdogo wake wa saba tangu asubuhi.

Akamwonyesha pa kukaa. Uani palikuwa na viti vya plastiki kama ishirini na vyote vina watu. Wengi walikuwa na bahasha. Bwana mmoja aliyekaa karibu naye alimuuliza anatafuta nafasi gani, na alipojibu kwamba hatafuti nafasi, bwana akatabasamu kama mtu anayeficha karata zake, akamwambia hata yeye hatafuti.

Saa sita mzee akatoka. Amezeeka, alisema Mama Chapa. Amekuwa mwembamba shingoni, kola imemzidi, na anashika fimbo mkono wa kushoto. Akaanza kupita kiti kwa kiti kusalimia. Yeye akasimama kabla hajafikiwa, mikono imeshika mkoba, akijaribu kukumbuka maneno aliyoyapanga njiani, na hayakuja hata moja. Kaka yake akafika mbele yake. Akampa mkono. Akautikisa kidogo, kama alivyotikisa ya wengine.

— Asante kwa kuja, mama.

Akasogea kwa mwenye bahasha.

Halafu ubishi ukaanza, kwa sababu ndicho tunachojua kufanya. Hesabu alisema ni macho. Mtu wa miaka sabini na kitu, jua la saa sita, sura ishirini kwa mkupuo, na miaka kumi hajamwona, angemtambuaje? Ukipiga hesabu haiwezekani. Spika akakataa katakata. Mtu hasahau tumbo moja, alisema, huyo amemtambua tangu yuko mlangoni, na neno lile la “mama” alilichagua akiwa ndani. Nikasema labda alimtambua baada ya kupita, akaona aibu kurudi nyuma mbele za watu. Tulibishana mpaka muuza kahawa akaja na kutuambia tupunguze sauti, tunasikika toka kona ya pili.

Nikamgeukia Mama Chapa nikamuuliza yeye anaonaje, maana mkono uliotikiswa ulikuwa wake. Alifungua mkoba akatoa leso, akajifuta vumbi kwenye viatu, kimoja, kisha cha pili. Akasema mkono wa kaka yake ulikuwa wa baridi na kucha zimekatwa vibaya. Inaonekana hana mtu wa kumkatia, na mkono wa fimbo umekosa nguvu ya kushika wembe. Zaidi ya hapo hajui.

Spika akamuuliza kama atarudi.

— Sasa hivi ana watu wengi, alisema. — Nitangoja watakapomtengua. Siku hiyo hapatakuwa na foleni.

Akaaga kwanza, tukashika ubao, akasimama.